Mtu Aliyefunikwa Shuka la Maji

Siku mliyoniaga pale kituoni, mkanivika shada na kunilisha keki mbele ya wake zenu, mmoja wenu alisimama akaniomba niandike kidogo jinsi kazi ya zimamoto ilivyokuwa Mwanza zamani. Nilikubali kwa kichwa tu, kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki. Nilidhani nitaandika juu ya hozi za turubai na gari letu lililowaka kwa kusukumwa.

Wiki iliyofuata, kabla hamjanitoa kwenye kundi la simu la zamu, iliingia picha ya ajali ya pikipiki kule Ilemela. Mtu amelala chini, amefunikwa, na gari letu linaonekana nyuma yake. Mmoja wenu aliandika, "Pumzika kwa amani, kaka," na wengine wakapanga alama za viganja vya kuombea. Nikauliza, "Huyo amefariki?" Baada ya muda mmoja akajibu, "Hatujui mzee, tumeipata kwa watu wa bodaboda." Mke wangu alikuwa ameshaweka ugali mezani. Ulipoa pale pale.

Kwa hiyo hozi zitasubiri kidogo. Naanza na picha niliyoipiga mimi.

Niliingia kazini mwishoni mwa miaka ya themanini, na cheti cha kidato cha nne na viatu vya kuazima. Katika zamu yetu ya watu saba, mimi peke yangu ndiye niliyemaliza sekondari, wakaniita Fomufoo. Siku ya kwanza nilidhani nitapewa helmeti. Nilipewa brashi. Hatukuwa na mnara wa kukaushia hozi, tulikuwa na mawe ya Mwanza, na kila tulipotoka kuzima moto tulizipandisha hozi kwenye jabali nyuma ya kituo, tukazilaza juani kama nyoka waliokufa. Miezi mitatu nilikuwa mtu wa jabali. Kama kuna somo la sekondari lililonisaidia pale, silikumbuki.

Mkuu wetu wa zamu alikuwa Mzee Lugembe, Msukuma wa Magu, mrefu, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake. Mambo mengi aliyonifundisha yamepitwa na wakati, na vifaa vyenu ni bora. Mawili hayajapitwa.

La kwanza lilikuwa shuka la maji. Ndani ya gari kulikuwa na sanduku la bati lenye mashuka meupe yaliyofuliwa na kupigwa pasi, na mke wake mwenyewe ndiye aliyeyapiga pasi. Mtu akiungua, Mzee Lugembe alilowesha shuka kwa maji safi na kumfunika nalo. Lilipoza ngozi, likazuia vumbi na nzi. Halafu kulikuwa na jambo ambalo halikuandikwa kwenye kitabu chochote. Kama umati ulikuwa mkubwa, alivuta pindo la shuka juu ya uso wa majeruhi kwa dakika moja au mbili, mpaka wapite katikati ya watu. "Mtu aliyeungua," aliniambia, "asije akaona uso wake kwenye macho ya watu."

La pili lilikuwa mlango. Msiba ukitokea mikononi mwetu, hakuna aliyeruhusiwa kusema jina la mtu nje ya kituo mpaka yeye awe amerudi kutoka kwa familia. Alivua sare, akavaa shati la kawaida, akaenda na mtu mzima mwenzake. "Wakiniona na helmeti mlangoni, nimeshawaambia kabla sijafungua mdomo," alisema. Alisalimia, akangoja kujibiwa, akaomba maji ya kunywa, akaketi. "Usiseme neno kabla salamu yako haijajibiwa, Fomufoo. Asiyejibu salamu hayuko tayari kusikia." Nilikwenda naye mara nne au tano. Kila mara niliogopa mlango kuliko moto.

Basi ikaja miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Bidhaa zilijaa, mitumba ikajaa, kila mwenye ukuta na bati alifungua biashara, na kila mtumishi alikuwa na shughuli ya pembeni. Mwenzangu mmoja alifuga kuku wa mayai, mwingine alifyatua tofali. Mimi binamu yangu aliniletea kamera ndogo ya plastiki, na siku zisizo za zamu nilipiga picha za ubatizo na harusi. Hapo mtaa wa Mirongo palikuwa na studio mpya yenye mashine ya kusafisha picha za rangi siku hiyo hiyo, ya kijana aliyeitwa Idi. Kamera niliizoea mpaka nikaanza kuiweka chini ya kiti cha gari la zimamoto. Hakuna aliyenituma kuiweka.

Ilikuwa Alhamisi, mchana. Karakana moja ya mashine za boti iliwaka kule mwaloni, pwani wanakoshushia samaki. Petroli ilikuwa imewekwa kwenye madumu karibu na mashine iliyokuwa ikijaribiwa. Tulipofika, fundi aliyeungua alikuwa ameshatolewa nje na wenzake. Aliitwa Faustine. Mkono wake wa kulia, bega na upande wa uso vilikuwa vibaya sana, lakini alikuwa akiongea.

"Buti langu moja liko ndani," alimwambia Mzee Lugembe. "La kushoto. Nimelinunua juzi."

"Tutalitafuta, mwanangu. Tulia."

Moto tuliumaliza chini ya nusu saa. Mzee Lugembe alikuwa ameshalowesha shuka na kumfunika. Umati wa mwaloni ulikuwa umebana, wachuuzi wa samaki, wapagazi, watu waliopanda juu ya boti wapate kuona. Wenzangu wanne walishika machela. Nikamsikia mzee akisema, "Dakika moja tu, mpaka tuwapite hawa," akavuta pindo la shuka usoni. Faustine akajibu kutoka chini yake, "Sawa, mzee."

Mimi nilikuwa nimeshaweka hozi chini. Jua lilikuwa zuri, moshi mweusi nyuma, helmeti zinang'aa, shuka jeupe kabisa. Nilikimbilia kwenye gari nikachukua kamera. Nilijiambia nataka kumbukumbu ya wenzangu wakiwa kazini. Nilipiga tatu. Kwenye ile ya pili, mguu wa kushoto wa Faustine ulikuwa umetokeza nje ya shuka, hauna buti, na kidole kidogo hakipo. Propela ilikichukua zamani.

"Weka hicho kidude, ushike machela!" Mzee Lugembe alifoka. Nilishika machela.

Ijumaa haikuwa zamu yangu. Saa tatu asubuhi nilikuwa kwa Idi. Picha zilipotoka, aliishika ile ya pili kwa ncha za vidole.

"Kaka Fomufoo! Hii umeua. Wewe ulikuwa unajificha wapi na harusi zako?"

"Ni kazi tu."

"Nani huyu?"

"Fundi mmoja wa boti."

"Kafa?"

Vijana, hapa ndipo naomba msome polepole. Swali lilikuwa rahisi na jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimemsikia mtu yule akiulizia buti lake. Lakini Idi aliniangalia kwa namna ambayo sijawahi kuangaliwa na mtu, na nikaona kwamba nikisema "hapana," picha itapungua. Nikasema, "Kaungua vibaya sana." Idi akatikisa kichwa kwa huzuni, akaenda kuikuza.

Kabla ya adhuhuri ilikuwa dirishani, kubwa, na chini yake karatasi ya mkono: MOTO WA MWALONI. NAKALA ZIPO NDANI. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikijifanya nangoja mtu. Watu walijaa. Niliwasikia wakisema mpigaji alikuwa na moyo. Niliondoka pale nimenyooka mgongo, nikaenda nyumbani kula, na nikala vizuri.

Jumamosi nilikuwa kazini. Mzee Lugembe alikuwa na desturi ya kupita hospitali kuwaona watu tuliowabeba. Alirudi amekunja uso.

"Wanauliza ndugu wa yule fundi wako wapi. Mkono unaharibika. Wanataka kumpasua, inatakiwa ndugu wa kutia sahihi na ndugu wa kutoa damu. Yeye mwenyewe sasa homa imempanda, anaongea ovyo. Wamesema isipite Jumatatu."

Mwenye karakana alikuwa amemtuma dereva wa lori la samaki na barua tangu Alhamisi jioni, kwenda ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, ambako mama yake Faustine na kaka yake Kamugisha walikuwa wakiishi. Walikuwa watu wa Kagera waliohamia kule na migomba yao. Kamugisha alipaswa awe amefika.

Jibu lilikuja mchana ule ule, na aliyelileta ni mwenye karakana, jasho linamtoka, ameshika picha. Dereva wake alikuwa ameyaona kwa macho, na yeye mwenyewe aliiamini ile picha. Kamugisha alikuwa kwenye foleni ya kivuko asubuhi ile, na kapu la ndizi za kupika na blanketi la mgonjwa. Kivuko kutoka Mwanza kikatia nanga, wakashuka abiria, na mwanamke mmoja mnunuzi wa samaki alikuwa akionyesha nakala ya picha. Kamugisha akaichukua. Akatazama mguu. Akakaa chini mchangani, pale pale watu wanapopita. Halafu akanyanyuka, akabeba kapu lake, akageuka kurudi nyumbani kuwaambia wazee.

Mzee Lugembe aliishika picha muda mrefu.

"Nani alipiga hii?" aliuliza, ingawa mwaloni aliiona kamera.

Wenzangu watano walinitazama mimi. Nilitaka anipige, au angalau afoke kama alivyofoka mwaloni. Alisema kwa ile sauti yake ndogo, "Nilimfunika ili wasimtazame." Akanipa picha. "Kesho asubuhi, kivuko cha kwanza. Vaa shati la kawaida."

Zamu ilipokwisha kivuko cha mwisho kilikuwa kimeshaondoka. Nilikwenda kwa Idi nikamwambia aishushe. Aliishusha bila ubishi. "Lakini nakala zimeshatoka, kaka," alisema. "Nyingine zimepanda basi la Geita. Nitazifuataje?"

Jumapili kivukoni, abiria wawili mbele yetu walikuwa na moja, ndani ya mfuko wa nailoni ili isilowe.

"Wanasema walikufa saba," alisema bwana mmoja.

"Nane," mama aliyekaa naye akasahihisha. "Huyu ndiye wa mwisho kutolewa. Alikuwa mlevi, ndiye aliyewasha sigara."

Mzee Lugembe alinigusa ubavuni. "Waambie."

"Mzee, tunaelekea kwa..."

"Waambie."

Nikasimama. Nilisema kwamba aliyeungua ni mmoja, na hajafa. Kwamba najua kwa sababu picha nimeipiga mimi. Kivuko chote kilinigeukia.

"Sasa kama hajafa mmemfunika gubigubi wa nini?" yule mama aliuliza, na haikuwa kejeli. Alitaka kujua. "Nyie huko mjini mnafunika wazima?"

Mzee Lugembe ndiye aliyeeleza habari ya shuka la maji, kwa subira, kama anavyofundisha kurutu. Baadhi walimwamini. Bwana aliyesema saba aliirudisha picha mfukoni mwake taratibu, na nikajua akishuka ataitoa tena.

Tulitembea kutoka barabarani karibu saa nzima. Kilio tulikisikia kabla ya kuiona nyumba. Jua lilikuwa limeshapanda, watu walikuwa wametoka kanisani wakaja moja kwa moja msibani, na kwa kuwa ardhi ya pale ni mawe matupu, wazee waliamua wachimbe mapema. Jirani mmoja alikuwa ameahidi lori la kwenda kuuleta mwili kesho yake. Kando ya migomba, vijana wanne walikuwa ndani ya shimo mpaka mabegani, wakiligonga jiwe kwa mtaimbo. Ule mlio bado ninao.

Mama yake alikuwa ndani, ameketi kwenye majani yaliyotandikwa chini, kichwa kimenyolewa. Picha aliiweka chini ya paja lake. Nilipiga magoti.

"Shikamoo, mama."

Hakujibu. Nilidhani ni kilio.

Mzee Lugembe alimpa pole, akaomba maji. Akaletewa. Akanywa. Halafu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, nilimwona amekwama. Miaka yote ile alikuwa amejifunza kuingia nyumbani kwa watu na kifo, hatua kwa hatua. Kuingia na uhai hakujua kunaanzia wapi. Alishika kikombe kitupu, akakizungusha, akaniangalia mimi.

"Mama," nikasema, "Faustine yuko hai. Yuko hospitali. Anahitaji damu."

Kilio kilikatika nyumba nzima. Mama yule alinitazama, macho yamevimba.

"Mmetumwa mnidanganye ili ninyamaze," alisema. "Kaka yangu alipokufa walikuja hivyo hivyo. Mgonjwa, mgonjwa. Nikasafiri siku mbili nimebeba uji."

Kamugisha aliingia kutoka shimoni, mikono ina udongo mwekundu. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinitisha zaidi.

"Barua ilisema mgonjwa," aliniambia. "Picha ilionyesha shuka. Wewe ungekuwa mimi ungeamini kipi?"

"Picha," nilisema.

"Ehe."

Baba yao mdogo, mzee wa familia, alisema Kamugisha aende nasi, na wachimbaji wakae kando ya shimo wasichimbe wala wasifukie mpaka arudi au atume neno. Tuliondoka karibu tunakimbia. Kivuko kilichelewa. Tulisimama ufukweni tunautazama upande wa Mwanza, mawe yake yanaonekana wazi kabisa, karibu kama unaweza kuyashika, na kivuko hakiji. Kila baada ya muda Kamugisha alivua kofia, akaivaa.

Tulifika hospitali saa kumi jioni. Faustine alikuwa amefungwa bandeji, macho yamefumba. Kamugisha aliinamia sikio lake akasema kitu kwa Kihaya. Faustine akajibu. Kamugisha akageuka ukutani, akaegemea paji la uso, mabega yakawa yanatikisika. Nilimuuliza baadaye alijibiwa nini. Alisema, "Ameniuliza mbona nimechelewa."

Tulitoa damu, Kamugisha na Mzee Lugembe na mimi. Yangu waliikubali, jambo nililolishangaa. Jumatatu Faustine alikatwa mkono wa kulia juu kidogo ya kiwiko. Ulikuwa umeungua mno, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Kamugisha angefika Jumamosi mkono ule ungepona. Hakuna pia aliyeniambia kwamba usingepona. Nimeuliza watu watatu wanaojua mambo hayo, kwa miaka tofauti, na wote walitazama pembeni.

Shimo lilibaki. Kwa watu wale kaburi lililochimbwa haliachwi hivi hivi, lazima kizikwe kitu. Baba mdogo alinitumia ujumbe kwamba aliyeleta kifo nyumbani kwao aje akibebe. Nilikwenda siku nisiyo na zamu. Walikata mgomba, wakaufunga kwa sanda, na mimi na Kamugisha tukaubeba kutoka mlangoni mpaka shimoni, watu wakifuata kimya. Mgomba mbichi ni mzito kuliko mnavyodhani. Maji yake yalipenya sanda yakanilowesha bega, na doa la mgomba halitoki. Shati lile sikulivaa tena.

Miezi mitatu baadaye Faustine aliruhusiwa. Nilimsindikiza, kwa sababu aliniomba. Hakuwa na hasira na mimi. Alikuwa akitania njiani kwamba anakwenda kuliona kaburi lake kama limejengewa. Lakini tulipokaribia migomba alinyamaza. Uso wake upande mmoja ulikuwa umebadilika sana, na mkono haukuwepo, na mama yake hakuwa amemwona, maana alikuwa amekataa katakata kuvuka ziwa. Alikuwa amesema asije akaonyeshwa mtu mwingine.

Mama yake alitoka mlangoni akasimama. Alimtazama Faustine usoni, na hakuna kilichobadilika machoni mwake. Niliogopa siku ile kuliko siku yoyote ya moto.

"Kaa," alimwambia.

Faustine akakaa kwenye kigoda. Mama akapiga magoti, akamfungua kamba ya kiatu cha kushoto, akakivua, akavua na soksi. Akapitisha kidole gumba pale kidole kidogo kilipopaswa kuwa. Akarudia. Halafu akauweka ule mguu kifuani mwake, akaukumbatia kwa mikono miwili, akapaza sauti, na majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba mwingine.

Karakana ilimrudisha Faustine kazini. Alijifunza kufunga nati kwa mkono wa kushoto, na watu walimfuata kutoka visiwani kwa sababu alijua ugonjwa wa mashine kwa kuusikiliza. Mzee Lugembe alistaafu akarudi Magu kwa ng'ombe wake, ametangulia mbele ya haki. Kamera nilimrudishia binamu yangu na filamu yake nusu. Mimi nilibaki kwenye gari, na kila kurutu aliyepita mikononi mwangu nilimfundisha shuka la maji. Sababu ya kutopiga picha sikuwaambia. Nilisema ni amri tu, kwa sababu ya aibu. Ndiyo maana mnazisambaza. Hilo nalo nalibeba mimi.

Kule ng'ambo niliendelea kwenda, walau mara moja kila mwaka, mpaka mama yule alipofariki kwa uzee wake. Alinipokea vizuri. Aliniwekea kiti kivulini, aliniletea maji, alinipikia, na wakati wa kuondoka alimwambia Kamugisha anikatie mkungu wa ndizi nipeleke kwa wanangu. Kila nilipofika nilipiga magoti pale mlangoni, nikasema, "Shikamoo, mama."

Alisema, "Karibu, kaa."

Kila mwaka niliinuka pale mlangoni bila kusikia marahaba.